Mliniletea vitambaa, swali hamkuniletea: barua ya wazi kwa kamati ya sherehe ya Fahari, Lubumbashi

Katuba, mwezi wa tatu

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wa kamati, pamoja nanyi wafadhili mnaopokea ripoti zao,

Jambo yenu nyote. Mimi ni fundi wa nguo wa hapa Katuba, nina miaka 47, na napenda wanawake. Wawili kati yenu wanalijua hilo tangu tulipokuwa wasichana wa kuchota maji pamoja. Jina langu siliandiki, sababu mnazijua, lakini mkifika kwenye habari ya vitambala mtanitambua.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mmoja wenu alikuja kwangu na mfuko wa vitambaa vya rangi 6. Aliniomba nishone vitambala vya kichwani 80 kwa ajili ya sherehe ya mwezi wa sita, ile tunayoiita Fahari (Pride), ya sisi tunaopenda watu wa jinsia yetu. Nilishona usiku, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, kwa sababu mchana wateja huingia na kuuliza hizo rangi ni za kanisa gani. Nilishona kwa furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu. Kila kitambala nilikipiga pindo mara mbili ili kisichanike mapema. Mlinilipa vizuri na kwa wakati, hilo nalisema mbele ya watu wote. Lakini katika wiki zile 3 hakuna aliyeniuliza: mama, wewe utakuja? Utakivaa? Ukikivaa, utarudi vipi Katuba saa nne ya usiku? Mliniletea vitambaa, swali hamkuniletea.

Siku yenyewe nilikwenda. Nikaacha mashini, nikaoga, nikafunga kikwembe changu cha sikukuu, na kitambala nikakikunja nikakitia ndani ya mkoba. Ukumbi ulikuwa wa hoteli katikati ya mji, mahali ambapo mlinzi wa mlangoni humtazama mtu viatu kwanza. Tulitoka upande wetu wanne, kwa bisi, kisha kwa manseba, yaani pikipiki za abiria. Mlangoni tulimkuta kijana na karatasi: jina, jina la baba, namba ya simu, avenyu, komine (sehemu ya mji), sahihi.

Mbele yangu alikuwa mwenzetu mmoja anayeuza makala, yaani mkaa. Alishika kalamu, akaniangalia, akaiangalia tena karatasi. Vidole vyake vina weusi wa makala usiotoka hata avisugue kwa jiwe, na niliona jinsi kalamu ilivyokuwa inatetemeka kati yao. Mwishowe aliandika jina la bibi yake, marehemu. Mahali pa namba ya simu aliacha wazi. Kijana akamwambia kwamba bila namba hapati pesa ya transporti. Akasema sawa, akaingia, na jioni akarudi Katuba kwa miguu.

Nimeisimulia habari hiyo mara nyingi mwaka huu, maana ndani yake mna karibu yote ninayotaka kuwaambia. Mwanamke huyo hakuulizwa ni siku gani inamfaa, wala mahali gani, wala lugha gani. Aliulizwa kile kitu kimoja ambacho kikianguka mikononi mwa mtu mbaya kinaweza kumtoa kwenye lupango, ua wa nyumba, anamoishi na watoto wake 3. Mlimdai siri yake kabla ya kumwomba neno lake.

Tuliokaa nyuma hatukuambulia mengi. Hotuba zilikuwa za Kifaransa, projekta inawaka, maneno marefu ya mradi na mkakati. Katiba ya nchi hii ya 2006, kifungu cha kwanza kabisa, inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Kwa Kiswahili tunapendana, tunagombana, tunaomba Mungu. Kama kuna mahali pamoja katika mji huu ambapo sikutegemea kuhitaji mkalimani, ni kwenye sherehe yetu wenyewe. Na wenzetu viziwi wawili waliokuwa safu ya mwisho hawakupata ukalimani wowote: mmoja wao alikaa saa 2 akitazama midomo.

Kisha picha. Siku 3 baadaye ziliwekwa kwenye intaneti. Mlifunika nyuso kwa duara jeusi, nami naamini aliyezifunika alidhani amemaliza kazi. Lakini shati la kijana mmoja nililishona mimi, kutokana na kitambaa kilichobaki kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Kitambaa kile kilikuwa kwenye picha za familia nzima. Dada mtu alikitambua kabla hata hajasoma maandishi. Kijana akatolewa nje usiku uleule, na mimi nikampokea. Alilala chini ya meza yangu ya kukatia nguo kwa miezi 4, katika baridi ile ya mwezi wa sita na wa saba ambayo sisi wa Lubumbashi tunaijua, mbabula, jiko letu la makala, katikati na dirisha limefunguliwa kidogo ili tusife kwa moshi. Usiku namsikia anageuka. Ningeulizwa kabla, ningewaambia: kwa fundi, mtu hatambuliwi kwa uso tu.

Sisemi kwamba hamkufanya kazi. Mmesimama pale ambapo wengi wetu tungekimbia. Mmewatoa watu polisi usiku, mmewapeleka wagonjwa kwa waganga wa hospitali wasiotukana, mmeandika barua kwa wakubwa huku mkijua kwamba majina yenu yatabaki kwenye mafaili yao. Nayajua hayo. Ndiyo maana nawaandikia ninyi kwanza.

Lakini nchi hii tunaijua sote. Hakuna sheria ya Kongo inayosema kwa jina kwamba kupenda mtu wa jinsia yako ni kosa. Mswada wa kutaka iwe hivyo ulipelekwa bungeni Kinshasa mwezi wa kumi na mbili 2013, ukakwama. Kilichobaki ni kifungu cha 176 cha sheria ya jinai, kinachohusu kuchafua maadili ya watu, chenye kifungo cha siku 8 hadi miaka 3, na hicho ndicho watu wetu wanachotishiwa nacho hadi watoe pesa. Wenzetu wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kufuata bidhaa wanajua kwamba upande wa pili, Zambia, hesabu inaanzia miaka 15 na kufika maisha. Kampala, mwezi wa nane 2016, polisi waliingia usiku kwenye klabu ambako watu walikuwa kwenye shughuli ya Fahari, wakawakamata. Kwa hiyo mnapochagua ukumbi, saa na mpiga picha, mnachagua pia nani atalala nyumbani kwake usiku huo na nani hatalala. Uamuzi kama huo hauwezi kufanywa na ninyi watu 7 wenye gari.

Tazameni jinsi tunavyofanya kilio. Mtu akifa kwenye lupango, hakuna anayekwenda kukodi viti kabla ya mama wa nyumba kusema neno. Kwanza watu wanakaa chini. Mmoja anatoa daftari la shule, anachora mistari, anaanza kuuliza: nani ataleta makala, nani unga, nani atapika bukari (ugali), nani ana shuka za kulaza wageni, ndugu wa Likasi watafika lini. Anayekotiza, yaani anayechanga, franka 1,000 jina lake linaandikwa sawa na anayekotiza dola 100. Bibi asiyejua kusoma anaulizwa kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani hasemi na nani, na nani asiketishwe karibu na nani. Kazi ya siku 2 inaweza kuchukua siku 3 kwa sababu ya kuulizana kule, na watu wanalalamika, lakini hakuna anayekwenda nyumbani akisema kilio hiki hakikuwa changu. Ujuzi huo tunao tayari. Hatuhitaji mtu wa kuja kutufundisha semina ya ushirikishwaji hotelini. Daftari lenyewe linauzwa kila kona.

Wala kudai kuulizwa si jambo tulilolizua Katuba. Polisi walipovamia Stonewall Inn, baa ya watu kama sisi huko New York, usiku wa 28 Juni 1969, kati ya waliokataa kunyamaza walikuwamo maskini, vijana wanaolala barabarani, na wenzetu wa transi, yaani wale ambao jina na mwili waliozaliwa nao haviendani na jinsi wanavyojijua. Maandamano ya kwanza ya kukumbuka siku hiyo yalifanyika mwaka mmoja baadaye. Haikufika hata miaka 4 tangu usiku ule. Mwaka 1973, Sylvia Rivera, mwanamke wa transi, alipanda jukwaani New York, kwenye mkutano wa kukumbuka siku hiyohiyo, kuwasemea wenzake waliokuwa jela, na waliomzomea walikuwa watu wake mwenyewe.

Karibu nasi zaidi, Johannesburg ilifanya maandamano yake ya kwanza tarehe 13 Oktoba 1990, wanaharakati Simon Nkoli na Beverley Ditsie wakiwa mstari wa mbele. Miaka 22 baadaye, Oktoba 2012, wanawake wa One in Nine, kampeni ya kupinga ukatili kwa wanawake, walijilaza barabarani mbele ya maandamano hayohayo. Walichoomba ni dakika 1 ya kunyamaza kwa ajili ya wenzao waliouawa, wanawake weusi wanaopenda wanawake na watu wa transi. Waandaaji walitaka kupita. Wakasukumana nao, wakagombana nao, mbele ya kamera. Mwaka uliofuata bodi ile ya waandaaji ikajivunja yenyewe. Dakika 1 tu, ndugu zangu. Na ilikuwa tayari miaka 8 tangu wanawake weusi waanzishe Soweto Pride, ili sherehe ifike pale watu wanapoishi, badala ya watu kuifuata mitaa ya matajiri.

Kuna jambo jingine ambalo mimi kama fundi nalipenda. Bendera ya Fahari, ile ya upinde wa mvua, ambayo jina la Gilbert Baker ndilo linalotajwa, haikutengenezwa na mtu mmoja. Mwaka 1978, San Francisco, yeye na Lynn Segerblom na James McNamara na kundi la watu wa kujitolea walichovya vitambaa kwenye rangi na kuvishona kwa mikono yao. Ilikuwa na rangi 8. Ya waridi iliondoka baadaye kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kigumu kupatikana. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu kwenye mashini, maana ndivyo inavyokuwa kwetu pia: unashona kwa kile ulichonacho, pamoja na watu ulionao.

Sasa niseme tunachotaka. Tumezungumza, kwangu na kwa wenzangu, watu 19 kwa jumla, wa komine za Katuba, Kenya (ya hapa mjini, siyo ile nchi), Kamalondo na Ruashi, kidogo kidogo, wawili watatu kwa wakati.

Kabla ya kukodi chochote, njooni mtuulize, kwenye komine zetu, kwa Kiswahili, ndani ya nyumba za watu wanaojuana. Msituite mjini. Mkutano wa watu 6 kwenye chumba cha fundi hauna mlinzi wa kutazama viatu, na mteja akiingia ghafla sote tunapima nguo. Waulizeni kwanza wale wanaorudi kwa miguu. Waulizeni wanaoishi na virusi vya ukimwi siku zao za kuchukua dawa, msije mkaweka sherehe juu ya siku hiyo. Waulizeni wanaofanya kazi ya usiku, kwa sababu saa yenu nane ya mchana ni usingizi wao. Na wanawake! Kwenye kamati ya watu 7 kuna mwanamke mmoja, naye kazi aliyopewa ni chakula. Wenzetu wa transi hawana hata mmoja, wakati picha zao ndizo zinazojaza ripoti.

Tarehe nayo si jambo dogo. Mnapenda mwezi wa sita kwa sababu dunia nzima inausherehekea, lakini mwezi huo unaishia tarehe 30, siku ya uhuru wetu wa 1960, na wiki hiyo barabara zimejaa polisi. Wengine wanapendekeza 17 Mei, siku ambayo mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa kupenda mtu wa jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa. Siku nzuri. Ila hapa tarehe hiyohiyo ni ya askari, maana tarehe 17 Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila alijitangaza rais akiwa hapahapa Lubumbashi. Mwenzetu wa makala anasema tufanye tarehe 1 Desemba, siku ya ukimwi, watu wengi wanakusanyika na hakuna anayeshangaa. Mvua ipo, lakini mvua haimkamati mtu. Mimi sijaamua. Nataka liulizwe na lijibiwe na wote.

Kuhusu maandamano nitasema ukweli wangu. Sitaki tutembee barabarani mwaka huu. Najua Katiba, kifungu cha 26, inaruhusu, na inachotaka ni kuwaarifu wakubwa kwa maandishi. Lakini barua ya kuarifu ni orodha nyingine ya majina, na bado naiona ile ya mlangoni. Yule kijana aliyelala chini ya meza yangu anataka maandamano. Amenijibu mpaka nikanyamaza: mama, mimi wameshanitoa nyumbani, picha imeshaonekana, sasa nimfiche nani? Tumebishana mpaka chai ikapoa. Wakimuuliza na yeye, na wengi wakisema kama yeye, nitashona mabango. Siwezi kudai kuulizwa kwa sharti kwamba jibu liwe langu.

Picha: pasiwe na hata moja bila ruhusa ya mwenyewe, aliyeonyeshwa picha hiyo kwenye simu kabla haijatoka, nguo, viatu na mikufu pamoja. Nadhani hilo halina mjadala. Mahudhurio: hesabuni vichwa, msiandike majina. Pesa ya transporti apewe mtu mkononi, kulingana na mbali anakotoka.

Na bajeti ionekane. Mtuambie kabla, siyo baada, ukumbi utakula kiasi gani na watu wa kurudishwa nyumbani watatengewa kiasi gani. Kwa bei ya hoteli ya siku moja tungeweza kufanya sherehe 4 ndogo kwenye komine 4, kwa bukari na sombe (majani ya mihogo) na munkoyo (kinywaji chetu), muziki wa chini, na waendesha manseba 10 tunaowaamini wakisubiri nje hadi mtu wa mwisho afike kwao. Manseba hao wapo. Watatu kati yao ni watu wetu, na hamkuwahi kuwauliza.

Nanyi wafadhili, neno langu kwenu ni fupi. Orodha ile ya mlangoni kamati haikuitunga, iliombwa na ninyi. Kama ushahidi wa pesa yenu ni lazima uwe jina na namba ya simu ya mwanamke anayeweza kufukuzwa kwa sababu yake, tafuteni ushahidi mwingine. Nakala zozote mlizotumiwa, zifuteni kwenye kompyuta zenu, na mtuandikie kwamba mmezifuta.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne, baada ya misa ya pili, tutakuwa kwangu. Njooni wawili, kwa bisi kama watu wengine, na mmoja awe yaya yule, dada yetu wa chakula, tunataka kumsikia. Daftari nimeshanunua na mistari nimeshachora. Na ile karatasi ya mahudhurio ya mwaka jana, njooni nayo, yenyewe, siyo nakala. Mwenzetu wa makala atakuwapo, na mbabula yake itakuwa inawaka.

Fundi wa vitambala,
Katuba, Lubumbashi